Adui Akishaanguka

Somo la wiki: 2 Wafalme 6:8–23, 1 Samweli 22:11–19



Jumatano moja baada ya maombi, mama mmoja wa hapa kanisani alinisubiri mlangoni. Kijana wake ni mwanajeshi, na wakati huo alikuwa amepelekwa kazini nje ya nchi. Akaniuliza, "Pasta, kijana wangu akiamriwa na mkubwa wake afanye kitu kibaya huko, afanye nini? Atii ama akatae?"

Nilimshika mkono, nikamwombea, nikamwambia Mungu atamlinda. Akasema amina, akaenda zake. Lakini tuseme ukweli: yeye aliniuliza swali, mimi nikampa maombi. Somo la leo ni jibu lake, ingawa limechelewa. Ili tulipate, twende kwanza Italia, mwaka 1859.

Agano la wakubwa

Mwezi wa Julai 1858, Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alikutana kwa siri na Cavour, waziri mkuu wa ufalme wa Piedmont, katika mji mdogo wa Plombières. Wakapatana hivi: Ufaransa itasaidia kuwafukuza Waaustria kaskazini mwa Italia, na Piedmont italipa kwa ardhi ya Savoy na Nice. Juu ya hayo, Clotilde, binti wa mfalme Victor Emmanuel II wa Piedmont, aozwe binamu yake Napoleon. Harusi ilifanyika Januari 1859. Msichana alikuwa na miaka 15, bwana arusi 36. Mtoto wa watu akawa kipengele katika mkataba wa vita.

Vita ikaanza. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalikutana karibu na kijiji cha Solferino, jumla kama watu 300,000. Watawala wote watatu walikuwako na majeshi yao: Napoleon na Victor Emmanuel upande mmoja, Franz Joseph wa Austria upande wa pili. Jua lilipotua, watu kama 40,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo.

Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Napoleon alikutana na Franz Joseph huko Villafranca na kukubaliana kusimamisha vita. Hasara ilimtisha, na Prussia ilikuwa imeanza kukusanya jeshi. Mshirika wake hakushirikishwa katika mazungumzo hayo. Lombardia ikatolewa, lakini Venetia, ambayo Piedmont iliahidiwa, ikaachwa mikononi mwa Austria. Cavour alikasirika akajiuzulu.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Plombières hadi Villafranca hata mwaka mmoja haujaisha. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na hili halinishangazi. Mkataba ambao kila mtu ameuingia kwa sababu ya atakachopata hudumu mpaka siku gharama inapopita faida. Siku hiyo ndiyo utajua mshirika wako ni nani.

Mfanyabiashara aliyepotea njia

Sasa angalia mtu mwingine aliyefika hapo, asiye na jeshi wala kiti cha enzi. Henry Dunant alikuwa mfanyabiashara wa Geneva, umri wake miaka 31. Alikuwa Mkristo aliyeokoka na aliyefanya kazi kubwa na vijana. Ni mmoja wa waliosaidia kuanzisha chama cha YMCA huko Geneva. Lakini hakwenda Italia kuhubiri. Alikuwa na kampuni ya kusaga nafaka Algeria, mambo ya ardhi na maji yamekwama, na alimfuata Napoleon III kutafuta kibali. Alikwenda kutafuta saini, basi.

Alipofika mji wa Castiglione, karibu na Solferino, alikuta majeruhi kwa maelfu wamelazwa makanisani, majumbani na barabarani. Madaktari hawakutosha. Dunant akaacha habari za biashara, akapanga watu wa kuleta maji, akamtuma dereva wa gari lake la farasi mpaka Brescia kununua vifaa. Kinamama wa mji ule waliwaosha na kuwanywesha Wafaransa na Waaustria sawasawa. Hawakuuliza sare. Dunant akaomba pia madaktari wa Austria waliokuwa wametekwa waachiliwe ili watibu majeruhi, na ombi hilo likakubaliwa.

Kibali chake hakukipata. Lakini mwaka 1862 alichapisha kitabu kwa pesa zake mwenyewe, akieleza aliyoyaona na kuuliza: kwa nini tusipange msaada huu mapema, wakati wa amani, na kwa nini mataifa yasiweke mkataba wa kuwalinda majeruhi? Mwaka 1863 watu watano walianza kukutana Geneva kufanyia kazi wazo hilo. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia saini mkataba wenye vifungu 10. Kiini chake ni hiki: askari aliyejeruhiwa aokotwe na atibiwe, awe wa taifa lolote, hospitali na watu wa tiba wasishambuliwe, alama yao iwe msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe.

Agano la Plombières lilikufa kabla ya mwaka. Lile la Geneva lilikua, likapanuliwa, na tangu 1949 lina mikataba minne ambayo leo imekubaliwa na mataifa yote ya dunia. Kenya iliingia mwaka 1966. Gari la Msalaba Mwekundu unaloliona barabarani kwenye ajali limebeba alama iliyotoka katika habari hii.

Tofauti iko wapi? Lile la kwanza lilisema, "Nitapata nini kutoka kwa adui?" La pili lilisema, "Ni nini sitamfanyia adui, hata nikiwa na uwezo?"

Elisha mbele ya mfalme

Swali hilo la pili liko kwenye Biblia zamani sana. Katika 2 Wafalme 6, jeshi la Shamu linajikuta katikati ya Samaria, halina pa kukimbilia. Mfalme wa Israeli ana hamu. Anamwuliza Elisha mara mbili kama awapige. Elisha anakataa. Anamkumbusha kwamba mateka hauawi, na anaagiza wapewe chakula na maji, kisha warudi kwa bwana wao. Mfalme anawaandalia karamu kubwa. Na mwandishi anasema vikosi vile vya uvamizi havikuja tena.

Ona, mfalme hakukatazwa kuilinda nchi yake. Alikatazwa kumwua mtu ambaye tayari yuko mikononi mwake. Mpaka uko hapo: adui akishaanguka, akishatekwa, akishaweka silaha chini, huyo sasa ni mtu wa kutunzwa.

Mtu ataniuliza, "Pasta, si sheria hizi za vita zinavunjwa kila siku?" Ndiyo, zinavunjwa, na mara nyingi na viongozi wenyewe waliozitia saini. Hata amri ya usiibe inavunjwa kila siku, na hatujaifuta. Bila sheria, anayeshinda ndiye mwenye haki. Sheria ikiwepo, hata mshindi anaweza kuulizwa, "Ulifanya nini?"

Jibu la mama

Sasa turudi mlangoni. Atii ama akatae?

Soma 1 Samweli 22. Sauli ni mfalme halali, aliyetiwa mafuta. Anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Bwana, watu wasio na silaha. Walinzi wanakataa kunyoosha mkono. Aliyekubali ni Doegi, na siku ile aliua watu 85. Amri ilikuwa moja. Wengine walibaki na mikono safi, mmoja akabaki na damu. Hakuna mahali Biblia inamsamehe Doegi kwa sababu alitumwa.

Sheria za wanadamu zilifika hapo hapo. Mwaka 1946, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu wakubwa wa Ujerumani ya Hitler haikukubali kwamba kusema "niliamriwa" kunamwondolea mtu hatia.

Wiki jana nilimtafuta yule mama nikamweleza haya yote, na amenipa ruhusa niyaandike. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na akikataa, watamfanya nini?" Safari hii sikukimbilia maombi. Nilimwambia kukataa kunaweza kumgharimu, na kwamba Biblia haituambii wale walinzi wa Sauli walifanywa nini. Ndipo tukaomba. Tuliomba asikutane na amri kama hiyo, na akikutana nayo, awe ameamua kabla.

Maana siku ya hasira si siku ya kutunga sheria. Dunant aliiona hiyo. Na inatuhusu hata sisi tusiobeba bunduki. Mwaka huu nilitumiwa video kwenye simu, mateka wa vita wakipigwa wakiwa wamefungwa mikono, na kwa sababu walikuwa wa upande nisioupenda, niliituma kwa wengine. Nimetubu. Mimi ndiye nilikuwa yule mfalme anayeuliza mara mbili, "Niwapige?"

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini mfalme wa Israeli alitaka kuwaua mateka, na Elisha alimpa sababu gani?
2. Ni ahadi gani uliyoiweka kwa ajili ya faida tu, na sasa gharama imepanda?
3. Kazini, nyumbani au wakati wa siasa: ni jambo gani ambalo hutalifanya hata ukiamriwa? Liandike wiki hii, kabla siku yenyewe haijafika.

Tuwaombee kwa majina vijana wetu walio jeshini na polisi, pamoja na wale watakaoanguka mikononi mwao.