Ugonjwa Usiofaa Kufichwa
Somo kwa mikutano ya akina mama, na kwa wainjilisti na wazee wa sharika

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kufundisha jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni saratani ya mlango wa kizazi. Wazee walisema, Mficha uchi hazai. Tena walisema, Mficha ugonjwa kilio humfichua. Katika ugonjwa huu maneno hayo mawili ni kweli kabisa. Wengi wanaokufa kwao huuawa na kuchelewa, na kuchelewa huko huzaliwa na haya.

1. Ugonjwa huu watoka wapi?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale mtoto apitapo akizaliwa. Kwa miaka mingi madaktari hawakujua chanzo cha saratani ya mahali hapo. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua ndani yake kirusi cha jamii iitwayo papiloma, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kirusi hiki huambukizwa kwa kukutana mume na mke, na watu walio wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe katika muda wa miaka 2. Lakini kikikaa, huharibu nyama ya mahali pale polepole, miaka 15 hadi 20, mpaka saratani itokee. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, muda huo waweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Basi haifai kusema kwamba mama mgonjwa amerogwa, wala kwamba anaadhibiwa kwa uzinzi. Mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe aweza kuugua. Mzee wa kanisa akisikia kwamba mama fulani anatokwa damu, asianze kumchunguza habari za dhambi zake. Amwulize kama amekwenda hospitali.

2. Dalili zake

Hapo mwanzo hakuna dalili yo yote. Mama hulima, huteka maji, hubeba kuni, naye hajui. Baadaye damu hutoka siku zisizo zake, au baada ya kukutana na mume, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Tena hutoka maji yenye harufu mbaya, na maumivu ya kiuno na ya chini ya tumbo. Mama aonaye mambo haya asingoje mpaka tumbaku iuzwe au mpunga uvunwe.

3. Kupimwa

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: anayepaswa kupimwa kwanza ni mama aliye mzima. Kwa kuwa ugonjwa huenda polepole, kuna miaka mingi ya kuuzuia kabla haujawa saratani. Mwuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, hungoja kama dakika moja, kisha hutazama. Palipoanza kuharibika huwa peupe. Mara nyingi mahali hapo hutibiwa siku ile ile, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa kifaa maalum, na mama hurudi nyumbani kwake. Katika Tanzania wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio waitwao hasa. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema, na arudi mara kwa mara.

Sasa tufikiri habari za mkoa wetu wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Mama wa Karema, au wa Mishamo, au wa Inyonga, hawezi kufika Mpanda mjini bila nauli, na nauli mara nyingi i mkononi mwa mumewe. Kwa sababu hiyo somo hili ni la wanaume pia. Akina baba, nauli ya kupimwa ni ndogo. Ugonjwa ukikua, mgonjwa hana budi kupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, akae huko majuma mengi akipata tiba ya mionzi. Wengi huuza ng'ombe na shamba kwa safari hiyo, na wengine hawafiki kamwe.

4. Chanjo ya mabinti

Tangu mwaka 2018 serikali yetu hutoa chanjo ya kirusi hiki kwa wasichana. Hapo kwanza ilikuwa sindano mbili kwa wenye miaka 14. Tangu 2024 ni sindano moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wako wanaosema kwamba yafunga kizazi. Hayo si kweli, yalinda kizazi. Inafaa itolewe kabla msichana hajamjua mwanamume, na jambo hili latuhusu sana. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba, idadi iliyopita ya mikoa yote. Basi mzazi asikawie. Tena aliyechanjwa apimwe vile vile akiwa mtu mzima, maana chanjo haizuii kila namna ya kirusi hiki.

5. Mama aliyekwisha ugua

Wako kati yetu ambao ugonjwa umekwisha waingia sana. Harufu huwafanya waache ibada, jirani huacha kuwatembelea, hata mume huhamia nyumba nyingine. Tumkumbuke yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Bwana hakumfukuza kwa kumgusa, bali alimwita binti mbele ya watu wote. Nasi tufanye vivyo hivyo. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa karibu na mgonjwa, wala kwa kula naye, wala kwa kumfulia nguo. Akina mama wapeane zamu za kuteka maji na kufua vitambaa vyake. Mwinjilisti ampelekee Meza ya Bwana nyumbani. Tena aulize hospitalini habari za tiba shufaa, yaani dawa za kutuliza maumivu, kwa sababu hata ugonjwa usioponyeka una haki ya kutunzwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mama asiye na dalili apimwe?
2. Katika mtaa wetu, ni nani atakayefuatana na akina mama siku ya kupimwa, nao watasafiri kwa fedha gani?
3. Je, yuko mama aliyeacha kuja ibadani kwa ajili ya ugonjwa? Nani atakwenda kwake juma hili?