Moshi wa biri haumezwi, lakini sumu yake huingia

Miaka ya nyuma, sigara nene ya majani matupu ilikuwa kitu cha kuonwa sinemani, mdomoni mwa tajiri au jenerali. Siku hizi mambo yamebadilika. Katika baadhi ya vilabu vya Nairobi na Mombasa, kwenye sehemu walizotengewa wavutaji, utamwona kijana wa miaka thelathini na ushei, mwenye kazi nzuri na suti safi, akifundishwa na wenzake namna ya kukata ncha, kuwasha polepole na kuushikilia moshi kinywani. Katika makala haya nitaiita biri, ili isichanganywe na sigara ya kawaida iliyofungwa kwa karatasi.

Mwanafunzi huyo huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: moshi wa biri haumezwi. Unauonja, kisha unaupuliza. Kutokana na fundisho hilo wengi hukata shauri kwamba biri ni burudani isiyo na hatari. Kama moshi haufiki mapafuni, huuliza, utaleta ugonjwa gani? Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wagonjwa, wakiwamo watu waliosoma sana. Baadhi yao walikuwa wameacha sigara wakahamia biri, wakiamini kwamba wamechagua lililo afadhali.

Somo la ugoro

Tuanze na jambo tunalolijua nyumbani. Mzee anayetia ugoro chini ya mdomo havuti moshi hata chembe. Mapafu yake hayaguswi. Lakini mnyime ugoro huo kwa siku mbili uone hasira atakayokuwa nayo. Nikotini, ambayo ndiyo kemikali ya tumbaku inayomfunga mtu, humwingia kupitia utando laini ulio ndani ya kinywa na kwenda moja kwa moja katika damu. Tena watengenezaji wa ugoro waligundua zamani, bila maabara yoyote, kwamba tumbaku ikichanganywa na magadi huwa kali zaidi. Sababu ni ya kikemia. Penye asidi, nikotini hushikika na haipenyi kinywani kwa urahisi. Penye hali iliyo kinyume cha asidi, kama ile ya magadi, huachiliwa ikapenya upesi.

Biri hufanya kazi hiyo hiyo bila kuongezewa magadi. Tumbaku nyingi ya sigara za kawaida hukaushwa kwa joto katika vibanda, kama wafanyavyo wakulima wengi wa Migori, na majani hubaki na sukari. Sukari hiyo ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Ndiyo maana mvuta sigara hulazimika kuuvuta moshi hadi mapafuni ili apate anachokitafuta. Kinywani haupenyi vya kutosha. Majani ya biri, mathalani yale ya mkoa wa Pinar del Río nchini Cuba, huanikwa kivulini kwa majuma mengi, kisha hurundikwa pamoja yakachacha na kupata joto lake yenyewe. Sukari huisha. Moshi wake huwa upande wa magadi, na nikotini iliyomo hupita mashavuni na chini ya ulimi hata kama mvutaji hajaumeza kabisa. Hata biri isiyowashwa, ikikaa midomoni ikalowa mate, huachilia nikotini.

Kwa hiyo fundisho la kutoumeza moshi ni la kweli kwa upande wa mapafu, kwani yanapata moshi kidogo kuliko ya mvuta sigara. Lakini mzigo umehamishiwa kinywani, na kinywa hakikuumbwa kuubeba.

Siku ya kwanza

Wengi wanaojaribu biri mara ya kwanza hupitia jambo ambalo wenzao hulifanyia mzaha. Mate hujaa mdomoni. Jasho baridi hutoka kwenye paji la uso, rangi hubadilika, kichwa huzunguka, moyo hudunda, tumbo huchafuka. Wengine hutapika. Wenyeji wa mchezo humwambia kwamba amevuta haraka mno, au kwamba hakula kabla ya kuja, na kwamba atazoea.

Kitabibu hiyo ni sumu ya nikotini, ijapokuwa kwa kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu 1. Biri kubwa yaweza kuwa na gramu 5 hadi zaidi ya 15, na zipo zinazokaribia tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Isitoshe, nikotini inayopitia mapafuni hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, hivyo mvuta sigara huhisi mapema kwamba ametosheka. Ile inayopitia kinywani huja polepole na huendelea kupanda. Mgeni wa biri anapoanza kujisikia vibaya, tayari ana nikotini zaidi iliyo njiani. Akitokewa na hali hiyo aizime biri, aketi penye hewa safi, asukutue kinywa na kunywa maji kidogo kidogo. Asiendeshe gari. Akizirai, akitapika mfululizo au akiumwa kifua, apelekwe hospitali bila kungoja.

Je, yule anayerudi mara ya pili, ya tatu na ya kumi huwa amejifunza nini? Ukweli ni kwamba amejifunza mambo mawili. La kwanza ni kuvuta polepole, takriban mara moja kwa dakika, na hilo hupunguza kiasi anachopata kwa wakati mmoja. La pili hakulijifunza yeye, bali ubongo wake. Sehemu za ubongo zinazopokea nikotini hupunguza ukali wa kuitikia, na baada ya muda huongezeka idadi. Kichefuchefu hupotea. Badala yake huja utulivu ule mtamu baada ya kazi, ambao kwa mtu aliyekwisha kuzoea huwa kwa sehemu kubwa ni utulivu wa kurudishiwa kitu ambacho mwili ulikuwa ukikidai. Sikatai kwamba biri nzuri ina harufu ya kuvutia, kama ya mbao, kahawa na ngozi mpya, na nafahamu kwamba kuna watu wanaozitofautisha kama wengine wanavyotofautisha chai ya Kericho na ya Limuru. Lakini harufu peke yake haimwamshi mtu Jumapili asubuhi akitafuta kiberiti. Tena tumbaku hudhoofisha pua na ulimi, kwa hiyo mvutaji wa miaka mingi huonja kidogo kuliko alivyoonja mwanzoni.

Saratani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biri zilipata umaarufu mkubwa Marekani, hata mwaka 1992 likaanzishwa jarida maalumu la wapenzi wake, Cigar Aficionado. Wataalamu wakaanza kuhesabu. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo ilitoa kitabu kizima kuhusu biri na afya, na majibu yake yalikuwa wazi: kuvuta biri kila siku huleta saratani ya kinywa, ya kikoromeo, ya umio na ya mapafu. Anayevuta moja au mbili kwa siku ana hatari ya saratani ya kinywa iliyo karibu mara mbili ya asiyevuta. Anayevuta tatu au nne kwa siku, hatari hiyo hupita mara nane.

Nieleweke vizuri. Mtu anayevuta biri moja kwenye harusi ya rafiki, kisha asivute tena hadi harusi nyingine, hayuko kundi moja na anayevuta kila jioni, na ningekuwa namdanganya msomaji nikisema wako sawa. Hatari hupanda kadiri idadi na miaka inavyoongezeka. Ninachokiona katika kliniki ni kwamba wachache hubaki kwenye harusi. Kwanza ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kisha kila Ijumaa, kisha kisanduku cha mbao kinanunuliwa cha kuhifadhia biri zisikauke, na kisanduku kikishakuwapo nyumbani hakikosi kufunguliwa.

Msomaji atanikumbusha Churchill, ambaye picha zake bila biri ni nadra na ambaye aliishi miaka 90. Ni kweli. Vile vile mtu anaweza kuvuka barabara kuu ya Thika akiwa amefumba macho akafika ng'ambo salama, na tukampigia makofi. Mfano unaonifaa mimi kama daktari ni wa Sigmund Freud, tabibu wa Vienna aliyeanzisha taaluma ya uchunguzi wa nafsi. Alikuwa akivuta biri zipatazo 20 kwa siku. Mwaka 1923 alipatikana na uvimbe wa saratani kinywani. Alikatwa sehemu ya taya la juu na kaakaa, akavalishwa kifaa cha kuziba tundu lililobaki ili aweze kula na kusema, na katika miaka 16 iliyofuata alipasuliwa zaidi ya mara 30. Alifariki London mwaka 1939. Alijua vyema kilichokuwa kikimla, kwani alikuwa daktari na alizungukwa na madaktari, lakini hakuweza kuiacha biri. Mtu aliyeichambua akili ya binadamu kuliko wengi wa zama zake alishindwa na jani.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi hapa kwetu ni glasi inayokaa kando ya biri. Desturi ni kuviunganisha viwili hivi, biri na wiski, au biri na mvinyo. Pombe kali huuchokoza utando wa kinywa na koo, na kuzirahisishia sumu za moshi njia ya kupenya. Tumbaku na pombe vikikutana, hatari zake haziongezwi tu, bali huzidishana. Saratani ya umio tayari ni miongoni mwa saratani zinazowasumbua sana Wakenya, hasa upande wa Bonde la Ufa, na mgonjwa wa umio mara nyingi hutufikia wakati hata uji haupiti.

Kuna watu ambao nawakataza biri kabisa, bila mjadala: wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, vidonda vya tumbo au kisukari, na wanawake wajawazito. Nawaongezea wale waliowahi kuvuta sigara. Kifua chao kimezoea kuumeza moshi, nao huumeza moshi wa biri bila hata kujua, wakapata madhara ya kinywa na ya mapafu kwa pamoja. Na usiiwashe sebuleni wala garini. Biri moja huwaka kwa saa nzima au zaidi, ikitoa gesi ya kaboni monoksidi na moshi mwingi ambao mtoto mwenye pumu atauvuta hadi mapafuni, hata kama baba yake hakuumeza.

Kwa anayetaka kuacha, ubani wa nikotini husaidia, na hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa mijini. Hapa somo la magadi linarudi. Ubani huo hutoa nikotini kupitia kinywani, kwa hiyo ukinywa soda, kahawa au maji ya matunda wakati unautafuna, asidi ya vinywaji hivyo huizuia kupenya, nawe utasema dawa haifanyi kazi. Kaa robo saa bila kunywa chochote isipokuwa maji, kisha utafune polepole, na ukihisi mwasho uuweke kati ya shavu na ufizi.

Wewe ambaye umevuta kwa miaka, simama mbele ya kioo mara moja kwa mwezi ukiwa na tochi. Angalia midomo, ndani ya mashavu, ufizi, kaakaa, pande zote mbili za ulimi, na chini yake, mahali ambapo wengi hawaangalii. Unatafuta kidonda kisichopona kwa zaidi ya majuma mawili, baka jeupe lisilofutika ukilisugua, baka jekundu, au sehemu iliyokuwa ngumu. Papasa shingo pia kama kuna uvimbe. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya majuma matatu, maumivu ya sikio la upande mmoja bila ugonjwa wa sikio, meno yanayolegea bila sababu, au chakula kukwama ni dalili za kukupeleka kwa daktari. Usingoje maumivu, maana saratani ya kinywa mwanzoni aghalabu haiumi.

Daktari wa meno anaweza kukuangalia vile vile. Akitilia shaka atakutia ganzi, akate kipande kidogo kama punje ya mchele na kukipeleka maabara kichunguzwe kwa darubini. Uliza siku ya kurudi kuchukua majibu, na urudi siku hiyo hata kama kidonda kimekwisha kufunga.