Dondoo Muhimu: Familia Ikizuru Roma, Florence na Bologna
Miji hii mitatu imeunganishwa na treni ya mwendokasi, na Florence hadi Bologna ni kama dakika 40, hivyo gari la kukodi halihitajiki. Tiketi za karatasi za treni za mkoa hugongwa kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo abiria hutozwa faini. Makumbusho ya serikali, Uffizi ikiwemo, ni bure kwa walio chini ya miaka 18.

Chakula ndicho kinachodai mipango zaidi. Migahawa mingi hufunga jiko alasiri na kulifungua tena karibu saa 1:30 usiku, watoto wakiwa wameshachoka. Roma, ahueni ni pizza ya vipande: muuzaji huikata kwa mkasi, huipima kwenye mizani na kuifunga kwa karatasi. Bologna, mchuzi wa nyama huliwa na tagliatelle, tambi bapa za mayai, si spageti. Wasiokula nguruwe waulize kwanza, kwani mara nyingi huwamo. Mortadella, fahari ya mji huo, ni ya nguruwe. Mabomba ya chuma yanayotiririka mitaani Roma hutoa maji salama ya kunywa, bila malipo.