CHAMCHELA, DHORUBA NA KIMBUNGA

Nilipokuwa Kidato cha Pili upepo uling'oa mabati ya jikoni kwetu. Ulianza ghafla alasiri, mvua ikikaribia. Juu ya paa mlikuwa na mawe ya kulizuia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyapandisha. Jiwe moja lilianguka hatua moja tu kutoka kwa ndugu yangu mdogo. Mungu ni mkubwa!

Kesho yake nikasema darasani ati tulipigwa na kimbunga. Mwalimu wa Jiografia akanikosoa, nami nawapa somo hilo.

Chamchela huzunguka na kuinua vumbi wakati wa jua kali, kisha hutulia baada ya dakika chache. Dhoruba huandamana na mvua: hewa baridi hushuka kwa kasi kutoka wingu zito, ikifika chini hutawanyika. Hiyo ndiyo iliyotupata. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na ni nadra karibu na ikweta. Kimbunga Idai, kwa mfano, kilipiga Beira, Msumbiji, mwezi wa Machi 2019.

Mbona paa huruka? Upepo upitao juu hulivuta, na uingiao chini yake hulisukuma. Basi mawe si dawa, bali huwa hatari yakianguka. Fundi alifunga mbao za paa kwenye nguzo kwa waya mnene. Mawe nikayashusha mimi, moja moja.

Wenzangu, tazameni mapaa yenu leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.