Protini ya Tat: Namna VVU Vinavyoitumikisha Seli ya Binadamu

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi protini moja ndogo ya virusi vya UKIMWI (VVU) inavyoitumikisha seli ya binadamu. Huenda mada ikaonekana ngeni katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, tangu serikali ya Kenya itangaze UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, lugha yetu imepata maneno mengi ya kuonya na kunasihi, na machache mno ya kufafanua. Mgonjwa akiuliza kwa nini anywe dawa maisha yake yote ilhali vipimo havioni virusi damuni mwake, jibu limo ndani ya seli, na halina budi kusemeka.

Kirusi hakiwezi kujizalisha peke yake. Jenomu yake ina herufi zipatazo 9,700 na jeni 9 tu, ilhali binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazounda protini. Kirusi kinapoingia katika seli ya CD4, mojawapo ya askari wa kinga ya mwili, RNA yake hugeuzwa kuwa DNA, nayo DNA hiyo hupachikwa katika DNA ya mwenyeji. Kuanzia hapo maagizo ya kirusi ni kurasa za kitabu cha seli yenyewe, yakingoja kunukuliwa.

Nimetumia neno ‘unukuzi’ kwa makusudi. Baadhi yetu husema ‘unakili’, lakini neno hilo lafaa zaidi pale DNA inapozaa DNA nyingine. Katika unukuzi, DNA husomwa na RNA ikaandikwa. Anayeyachanganya maneno haya atapotea mapema.

Anayenukuu ni kimeng’enya cha seli kiitwacho polimarasi ya RNA. Tukifananishe na mwandishi wa Siyu, mji uliosifika zamani kwa kunukuu misahafu. Ila mwandishi wetu huyu, akifika kwenye ukurasa wa kirusi, huandika herufi chache kisha akaweka kalamu chini. Ndivyo ilivyo Tat isipokuwapo: polimarasi huanza, ikakwama. Nakala kamili zinazoponyoka ni chache. Lakini hizo chache ndizo zinazotoa Tat ya kwanza, na Tat hiyo huzidisha unukuzi unaoizalisha yenyewe.

Inafanyaje? Mwanzoni mwa kila RNA ya kirusi pana kipande kiitwacho TAR, kilichojikunja mfano wa pini ya nywele. Tat hushika hapo, wala haiji mikono mitupu. Huja na P-TEFb, jozi ya protini za seli, yaani saiklini T1 na kimeng’enya CDK9. CDK9 hutia fosfeti kwenye mkia wa polimarasi na kwenye protini zinazoizuia, na kalamu ikaenda hadi mwisho wa ukurasa. Kikulacho ki nguoni mwako: chombo cha kunukulia ni cha mwenyeji. Seli yenyewe huweka sehemu kubwa ya P-TEFb chini ya kufuli, ikishikiliwa na RNA ndogo iitwayo 7SK pamoja na protini HEXIM1, ili itumike kwa kiasi. Tat huichomoa humo.

Saiklini T1 ilipotambuliwa mwaka 1998, njia ilifunguka ya kutegua kitendawili cha siku nyingi. Tat hufanya kazi hafifu sana katika seli za panya wa maabara. Sababu ni asidi amino moja: katika nafasi ya 261, saiklini T1 ya binadamu ina sisteini, ile ya panya ina tairosini. Tofauti ndogo kama hiyo yatosha kumnyima kirusi mtumishi.

Isitoshe, Tat haibaki katika seli iliyoizalisha. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa inaweza kupenya na kuingia katika seli nyingine ikitokea nje. Ndiyo maana inahusishwa na madhara kwa seli za neva ubongoni, hata zile ambazo kirusi hakiziambukizi.

Turejee kwa mgonjwa wetu. Dawa anazopewa huzuia hatua kama vile kugeuza RNA kuwa DNA, kupachikwa kwa DNA hiyo, au kukatwa kwa protini za kirusi. Hakuna kundi la dawa zilizoidhinishwa linalozuia unukuzi wa DNA ambayo tayari imepachikwa. Katika seli za kumbukumbu zilizopumzika, P-TEFb ni haba na Tat haitoshi. Kirusi hunyamaza, na kipimo cha damu hakikioni. Seli ikiamshwa, mzunguko wa Tat huanza upya. Dawa zikiachwa, kwa kawaida virusi hurudi damuni katika muda wa wiki chache.

Watafiti wamegawanyika njia mbili: wengine wanatafuta namna ya kuamsha seli hizo ili ziangamizwe, wengine namna ya kuizima Tat ili kirusi kisiamke kabisa. Kemikali moja ya njia hii ya pili, didehidrokotistatini A, imejaribiwa katika seli na katika panya waliopandikizwa seli za binadamu, lakini bado si dawa ya hospitalini.

Hali hiyo ya kunyamaza nayo yahitaji jina. ‘Usingizi’ ni neno jepesi mno, nalo ‘ufiche’ ladokeza kwamba kirusi kimejificha kwa hila, ilhali kimekosa tu wa kukinukuu. Mimi napendekeza ‘ubwete’. Mwenye neno bora zaidi na alilete.