Picha Bila Swali

MPWA: Nimepewa tangazo hili: ukilipia mara moja unapigwa picha mwili mzima, utosini hadi unyayoni, na ugonjwa wowote uliojificha utaonekana. Siumwi popote, lakini si tunaambiwa kila siku tuwahi hospitali kabla mambo hayajaharibika?

MJOMBA: Tangazo hilo linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Picha zinaokoa maisha. Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei kule Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, daktari ameweza kuona ndani ya mwili bila kisu. Siti skani ilipompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ubongo ukaonekana kipande kwa kipande. Uongo umo katika hayo maneno "ugonjwa wowote". Kila kipimo kina macho yake. Eksirei hupenya hewa kirahisi na kuzuiwa na mfupa, ndiyo maana inafaa kwa kifua na kwa mifupa iliyovunjika. Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti na kupokea mwangwi wake, hivyo humwona vizuri mtoto tumboni, ini na mawe ya nyongo, lakini hewa na mfupa huifungia njia. MRI hutumia sumaku yenye nguvu, na ni hodari kwenye ubongo na uti wa mgongo. Daktari huchagua mashine baada ya kujua anatafuta nini na kwa nani. Picha hujibu swali, na anayepigwa picha bila swali huishia na jibu ambalo hata daktari hajui alifanyie nini.

MPWA: Lakini mtu asiyeumwa atakuwa na swali gani?

MJOMBA: Chukua kifua kikuu. Tumezoea kwamba mwenye TB atakohoa, atakonda na kutokwa jasho usiku. Nchi nyingi za Afrika na Asia zilipofanya uchunguzi wa kitaifa, wakapimwa watu wa kawaida na si wagonjwa waliofika hospitalini, karibu nusu ya waliokutwa na TB hawakuwa wametaja dalili yoyote. Ukimsubiri mtu wa namna hiyo akohoe, umechelewa, na huenda ameshawaambukiza wa nyumbani kwake. Hapo eksirei ya kifua ina kazi. Unasimama kifua kikiwa kimegusa bamba, mikono kiunoni, mabega umeyasukuma mbele ili mifupa mipana ya mgongoni itoke juu ya mapafu, kisha unaambiwa: vuta pumzi, ibane, usitikisike. Usipoivuta sawasawa, sehemu ya chini ya mapafu hujikunja na kuonekana nyeupe kana kwamba ina ugonjwa. Msomaji wa picha hukagua kwa makini chini ya mtulinga, maana TB hupenda kuanzia juu ya pafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu hata programu ya kompyuta isome picha hizo kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na hilo ni jambo kubwa kwa wilaya isiyo na mtaalamu wa mionzi. Doa likionekana, makohozi hupelekwa maabara, kwa kuwa doa peke yake laweza kuwa TB, nimonia, kovu la zamani au saratani. Ikithibitika, dawa zipo. Hapo swali ni moja, anayestahili kuulizwa anajulikana: aliyekaa nyumba moja na mgonjwa, mchimba madini, mfungwa, anayeishi na VVU. Na jibu lina pa kwenda.

MPWA: Na saratani ya matiti? Hiyo ndiyo inayotangazwa zaidi.

MJOMBA: Mamografia, yaani eksirei ya titi, ina ushahidi wake, hasa kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69. Titi hubanwa kati ya mabamba mawili, jambo ambalo wengi hulilalamikia, lakini likibanwa huwa jembamba, picha hutulia na mionzi inayohitajika hupungua. Hapo zinaweza kuonekana chembe za kalsiamu zisizofika nusu milimita, ambazo hakuna mkono ungezigusa. Kwa msichana wa miaka 25 kipimo hichohicho hakifanyi kazi vizuri, kwa kuwa nyama ya titi bado ni nzito na picha hujaa weupe, na kama ana uvimbe mara nyingi huanzishiwa ultrasaundi. Nami naona kwetu liko jambo la haraka kuliko mamografia: wanawake wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa. Aliyegusa uvimbe asingoje kampeni wala ofa, aende wiki hiyohiyo.

MPWA: Wengine wanasema mionzi yenyewe ndiyo inayoleta saratani.

MJOMBA: Hofu hiyo ina msingi, lakini ina vipimo vyake. Eksirei moja ya kifua hutoa mionzi ya takriban milisivati 0.1 au chini yake, wakati mionzi ya asili ya ardhini na angani humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye sababu ya kupimwa, hatari hiyo ni ndogo mno kulinganisha na TB iliyoachwa. Siti skani ya kifua huweza kufika 7, kwa hiyo haipigwi kwa kujifurahisha, na mjamzito aseme mapema. Ultrasaundi na MRI hazina mionzi hiyo kabisa.

MPWA: Basi nikipiga MRI ya mwili mzima kwa hela yangu, kosa liko wapi? Kujua si bora kuliko kutojua?

MJOMBA: Watu wa Korea Kusini walifikiri hivyohivyo. Walipokuwa wakipimwa saratani nyingine, waliongezewa kwa bei ndogo ultrasaundi ya tezi ya thairoidi, shingoni. Kufika 2011, waliokutwa na saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikupungua. Maelfu walikatwa tezi kwa ajili ya vivimbe ambavyo vingi visingewadhuru maisha yao yote, wakabaki na vidonge vya kila siku, na baadhi sauti zao zikaharibika. Usidanganywe pia na hesabu ya "walioishi miaka mingi baada ya kugunduliwa". Mtu ambaye angefariki 2030, akiambiwa 2025 badala ya 2029 ataonekana ameishi miaka mitano badala ya mmoja, na siku ya kifo haijasogea. Kinachopaswa kulinganishwa ni vifo. Marekani walifanya hivyo kwa wavutaji sigara sugu zaidi ya 53,000, matokeo yakatoka 2011: siti skani ya mionzi kidogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko eksirei. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini katika kila majibu 100 yaliyotiliwa shaka, kama 96 hayakuwa saratani. Mvutaji wa miaka 60 anaweza kuubeba usumbufu huo kwa sababu hatari yake ni kubwa. Kijana asiyevuta kama wewe atapata usumbufu wote, na faida karibu hakuna.

MPWA: Nimekuelewa. Ila ulivyotaja TB umenishtua. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja alianza dawa za TB mwezi uliopita.

MJOMBA: Na ulitaka kulipia picha ya unyayo! Swali lako ni hilo. Iache hela yako mfukoni, kesho asubuhi nenda kliniki ya TB ya hospitali ya serikali, waambie unaishi na mgonjwa, upimwe kifua. Nenda hata kama hukohoi.