Debe la Kununulia na Debe la Kuuzia

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Amosi 8:4–7, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, 24:14, 15, Kutoka 20:8–11, Luka 19:1–10, Mambo ya Walawi 6:1–5, Mathayo 5:23, 24, 18:15–17.

Fungu la Kukariri: Mithali 11:1. (Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.)

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, msimu wa mavuno ya maharage na mahindi ndio msimu wa fedha. Mahitaji ya shule ya watoto hununuliwa wakati huo, deni la dukani hulipwa, bati huongezwa juu ya nyumba, na zaka huletwa kanisani. Ni wakati huo pia ambapo waumini wa kanisa moja hukutana gulioni, mmoja akiwa muuzaji na mwingine mnunuzi, na kati yao limewekwa debe.

Siku ya Sabato watu hao huitana ndugu. Huketi katika darasa moja la Shule ya Sabato, hujibu maswali ya lesoni na kutoa sadaka katika mfuko mmoja. Juma hili darasa litajiuliza kama undugu huo unafika hadi gulioni katikati ya juma, mahali ambapo mchungaji hayupo. Nabii Amosi alitumwa kwa watu walioitunza Sabato huku vipimo vyao vikiwa vya uongo. Ujumbe wake haujazeeka.

*Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Sabato Itaisha Lini?

Amosi alikuwa mtu wa mifugo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika Yuda (Amosi 1:1, 7:14). Karibu mwaka 760 K.K., siku za Mfalme Yeroboamu wa Pili, Mungu alimtuma kaskazini, katika Israeli. Nchi ilikuwa na ustawi, biashara ilikuwa nzuri, na watu walifurika ibadani Betheli.

Soma Amosi 8:4–7. Wafanyabiashara waliuliza nini kuhusu Sabato? Walikuwa wanasubiri kufanya nini itakapokwisha?

Watu hawa hawakufungua maduka yao siku ya Sabato. Walifunga, wakaenda ibadani, wakasubiri. Lakini akili zao zilikuwa ghalani, zikihesabu saa zilizobaki. Nabii anataja waliyoyapanga: kupunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, kuongeza shekeli, yaani uzito wa kupimia fedha, kuipotosha mizani, na kuchanganya takataka na ngano. Kisha, katika fungu la 7, Bwana anaapa kwamba hatayasahau matendo yao.

Somo hili linamgusa Mwadventista kwa namna ya pekee. Yeye anajua siku ya Bwana ni ipi, na anajua huanza jua linapochwa siku ya Ijumaa. Hayo ni mema, lakini watu wa Amosi nao walijua. Walichokosa ni kumruhusu Bwana wa Sabato awe pia Bwana wa siku sita zinazofuata. Amri ya nne yenyewe inazitaja siku hizo sita na kazi zake (Kutoka 20:9).

*Jichunguze: Wakati wa ibada, mawazo yako huenda wapi mara nyingi zaidi? Hilo linakuambia nini?*

JUMATATU
Efa na Debe

Soma Kumbukumbu la Torati 25:13–16. Ni nini kinachokatazwa kuwekwa mfukoni na nyumbani? Ni ahadi gani inayoambatana na kipimo cha haki?

Efa hukadiriwa kuwa karibu lita 22. Kwa maneno mengine, kipimo ambacho Musa na Amosi walikizungumzia kinakaribiana na debe linalotumika leo katika magulio ya Kasulu na Kibondo. Torati inakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kikubwa ni cha kununulia. Kidogo ni cha kuuzia.

Ujanja huo unajulikana na kila mkulima. Mnunuzi akifika kijijini, debe hujazwa mpaka maharage yafanye mlima juu yake. Akifika kuuza, debe lilelile husawazishwa kwa fimbo, au hutolewa jingine lililobonyezwa kitako. Tuseme mlima ule una kilo 2. Mkulima akiuza madebe 10, ametoa kilo 20 bila malipo. Hiyo ni karibu debe zima, na kwa mjane mwenye robo eka inaweza kuwa ndiyo mbegu ya msimu ujao.

Lumbesa ni ndugu wa debe hilo. Gunia hujazwa kupita mdomo wake, likashonewa kofia ya kamba, kisha likalipiwa kama gunia moja. Serikali imepiga marufuku jambo hili. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara ifanyike kwa vipimo halali, na Wakala wa Vipimo huhakiki mizani. Kwa hiyo Mkristo anayefunga lumbesa anakosa mbele za Mungu na mbele ya sheria ya nchi pia.

Mfanyabiashara naye ana hoja yake. Husema kwamba wenye malori kutoka miji mikubwa humdai lumbesa, na akikataa, huenda kwa jirani. Hoja hiyo ina uzito, wala darasa lisiipuuze. Hata hivyo kumbuka kwamba fungu la 15 linaweka ahadi upande wa kipimo kamili. Imani hujaribiwa hapo hasa, pale utii unapoonekana kuwa hasara. Na wakulima wa kanisa moja wanaweza kumsaidia ndugu huyo wakikubaliana kuuza kwa pamoja, kwa kilo, kupitia chama cha msingi au kikundi chao. Mnunuzi huona vigumu kulazimisha lumbesa kwa watu 20 walioungana.

*Jichunguze: Kama vipimo vyote unavyotumia vingewekwa mbele ya kanisa, kuna kimoja ambacho ungependa kukificha?*

JUMANNE
Mgeni Aliye Ndani ya Malango Yako

Soma Kutoka 20:10 na Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Ni nani wanaotajwa kuwa wanapaswa kupumzika? Kibarua alipwe lini?

Mkoa wa Kigoma umepokea wageni kwa miaka mingi. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na baadhi ya wageni hao ni waumini wanaoitunza Sabato.

Sheria humtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke kambini, na mwajiri anapaswa kuiheshimu sheria hiyo. Lakini lipo jambo ambalo halihitaji kibali chochote: mtu akishalima shamba lako, mshahara wake ni wake. Wapo wenye mashamba wanaomwambia mgeni aje kesho, na kesho, na kesho, wakijua kwamba hatathubutu kwenda kushitaki. Udhaifu wake umegeuzwa kuwa faida yao. Yakobo 5:4 linasema kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Torati inaagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa. Fikiri jinsi agizo hili linavyoangukia siku ya Ijumaa. Katika nyumba ya Mwadventista, Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula hupikwa, nguo hufuliwa na kupigwa pasi, viatu hung'arishwa, watoto huogeshwa. Huku Kigoma jua huchwa karibu saa 1 jioni, nyuma kidogo ya Dar es Salaam, na kila dakika hutumika. Je, katika orodha ya maandalio kuna fedha ya kibarua aliyepalilia tangu Jumatatu? Kama haimo, nyumba ni safi lakini Sabato haijaandaliwa. Mwenye shamba ataimba kwa furaha jua linapochwa, na mahali pengine watoto wa kibarua watalala bila chakula usiku huohuo wa Sabato.

*Jichunguze: Kuna mtu yeyote, mgeni au mwenyeji, anayesubiri malipo kutoka kwako? Unaweza kumlipa lini?*

JUMATANO
Zakayo Alipofungua Mfuko

Soma Luka 19:1–10 na Mambo ya Walawi 6:1–5. Zakayo aliahidi kufanya nini? Torati ilidai nini kwa aliyemdhulumu jirani yake?

Torati ilimtaka mdhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alikwenda mbali zaidi: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Yesu hakumwambia kwamba inatosha kusikitika. Wala Zakayo hakuununua wokovu kwa fedha hiyo, maana Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani mwake. Neema ilitangulia, na mfuko ukafuata.

Mara nyingi katika juma la maombi au wakati wa makambi, watu hutubu kwa machozi. Machozi ni mwanzo mzuri. Lakini anayetubu juu ya debe lililobonyezwa anapaswa kwanza kuliondoa debe hilo. Kisha aende kwa aliyempunja, aseme waziwazi alichofanya, na arudishe. Kama hana fedha yote, alipe kidogo kidogo kwa mapatano. Kama hawajui tena aliowadhulumu, aige sehemu ya kwanza ya ahadi ya Zakayo na kuwapa maskini. Asidhani kwamba kuongeza sadaka kanisani kunafuta deni lake kwa jirani. Mungu hapokei kilicho cha mjane kana kwamba ni zawadi.

*Jichunguze: Kwa nini ni rahisi zaidi kumwomba Mungu msamaha kuliko kumrudishia jirani kilo zake?*

ALHAMISI
Ndugu Yako Ana Neno Juu Yako

Soma Mathayo 5:23, 24 na Mathayo 18:15–17. Ni nani anayepaswa kuchukua hatua ya kwanza: aliyekosa au aliyekosewa?

Chukua mfano huu. Mama mmoja mjane anauza maharage yake kwa mzee wa kanisa. Anaona debe linavyojazwa, lakini ananyamaza, kwa sababu mnunuzi ni mtu mzima na ni kiongozi. Sabato inayofuata anamwona mimbarani akiongoza ombi la zaka na sadaka. Mama anarudi nyumbani. Sabato ya pili haji, na ya tatu haji. Baraza la kanisa linapopitia majina, jina lake linasomwa miongoni mwa waliorudi nyuma, na mzee yuleyule anapangwa pamoja na mama wa Dorkasi kwenda kumtembelea.

Ni nani aliyerudi nyuma katika habari hii?

Makanisa mengi yangesita hapo. Mzee huyo ndiye aliyetoa saruji ya msingi wa kanisa, na usafiri wa kwaya hutoka kwake. Wengine watasema mambo ya biashara yasiletwe kanisani. Lakini Yesu aliyaleta hadi madhabahuni. Kwa mujibu wa Mathayo 5, mtoaji aiache sadaka yake na kwenda kwanza kupatana. Kwa mujibu wa Mathayo 18, aliyekosewa naye anayo njia: amwendee ndugu faraghani, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, na mwisho kanisa lisikie. Njia zote mbili zinalenga kumpata ndugu. Kumsema mzee gulioni kunamwaibisha bila kumponya. Kunyamaza kunamwacha katika dhambi yake na kumpoteza mama.

*Jichunguze: Yupo mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura iitwayo "Zakayo" katika kitabu cha Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*, uone jinsi urejeshaji wa mali ulivyothibitisha kwamba moyo wa mtoza ushuru huyo umebadilika. Soma pia Mika 6:8–12, ambapo nabii aliyefuata muda mfupi baada ya Amosi anaweka haki, rehema na mizani katika ujumbe mmoja.

Kabla jua halijachwa leo, kila mshiriki apitie mambo matatu nyumbani mwake: vipimo, mishahara, na madeni. Penye lililopinda, na aanze kulinyoosha leo.

Maswali ya Kujadili:

1. Mfanyabiashara wa darasa lenu anasema akikataa lumbesa atafilisika. Mtamjibu nini, na mko tayari kumsaidia kwa njia gani?

2. Rudieni mfano wa siku ya Alhamisi. Kama ninyi mngekuwa baraza la kanisa, mngeanza na nani, na mngemwambia nini?

3. Muumini mwenzenu hajamlipa kibarua aliyetoka kambini, naye anasema mtu huyo hakuwa na kibali. Je, hoja hiyo inafuta deni? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

4. Jirani asiyekuja kanisani akiulizwa Waadventista wa kijiji chenu ni watu gani sokoni, atajibu nini? Mngependa ajibu nini mavuno yajayo, na mtafanya nini kuanzia juma hili?